Kabureta "imeingia", Bugando imetukataa

Jana asubuhi nilimpakia mama mmoja mwenye hotpoti ya uji, anampelekea mgonjwa wake hospitali ya Bugando, kule mlimani hapa Mwanza. Katikati ya mlima pikipiki ikaanza kukohoa, ekzosi inatema moshi mweusi. Mama akagonga bega langu: "Mwanangu, nishushe tu, nitamalizia kwa miguu." Akanipa nusu ya nauli. Niliona aibu kuipokea. Nikaipokea.

Chanzo nakijua. Wiki iliyopita kabureta yangu, ile inayochanganya mafuta na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ilianza kuvuja, fundi mmoja akaniletea nyingine. "Ni ile ile braza, boliti zote zinaingia." Ziliingia kweli. Hata mguu wangu unaingia kwenye gambuti la baba, ila sijawahi kukimbia nalo.

Akawasha, akachomeka bisibisi kwenye skrubu ya kabureta, kichwa kimeinama kama daktari anasikiliza kifua. Kulia kidogo, kushoto kidogo, sailensa, yaani mngurumo wa injini ukiwa hujavuta resi, ikatulia tuli. "Umeona?" Nimeona. Nikalipa. Mafuta ya elfu kumi yanayonifikisha jioni yakaisha saa saba mchana. Niliporudi kulalamika, akafanya nini? Akachukua bisibisi, akazungusha skrubu ile ile.

Hapa ndipo nataka tugombane, mafundi wangu. Skrubu hiyo kazi yake ni sailensa na pale unapoanza tu kuvuta resi. Resi ikifika katikati, anayetawala ni sindano iliyo ndani ya kabureta. Ukivuta yote, na mlima wa Bugando na abiria mgongoni lazima uvute yote, anayeamua ni jeti kubwa, kale kapande ka shaba kenye tundu la kupitisha mafuta na namba ubavuni. Zungusha skrubu mpaka Krismasi, mlima hautakuwa na habari.

Jioni nikazifungua kabureta zote mbili kwenye sinia. Jeti ya hii mpya ina namba kubwa kuliko ya zamani, na namba kubwa ni tundu kubwa. Yaani nimevalishwa kabureta ya pikipiki kubwa kuliko yangu! Plagi nayo nyeusi tii, kama sufuria la makande ya kuni. Tena Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar, kwa hiyo mafuta yakizidi kidogo huku injini inakabwa haraka. Wale wa pwani wanaotushauri "ongeza jeti upate nguvu" waje nao wabebe hotpoti.

Eya klina ikiziba nayo hutoa moshi huo huo, kwa hiyo anza kuisafisha hiyo.

Haya, nakiri fundi ana sikio. Sailensa aliyoiweka mimi siiwezi. Lakini kabla ya kuigusa skrubu angeifunga taratibu mpaka ikome, ahesabu mizunguko, aandike. Yangu ya zamani ilikuwa mmoja na nusu. Yeye hahesabu, wakati hesabu ya bosi wangu inahesabiwa kila jioni, iwe mvua iwe moshi.

Kwa bahati jeti zinabadilishana. Nimerudisha ya zamani, leo nimepanda Bugando mara tatu, plagi ina rangi ya biskuti. Nikampelekea fundi aione. Akaigeuza geuza, akanirudishia.

"Si nilikwambia braza, ilikuwa plagi."