Mtaa wa Mtwara Hauhitaji Msimulizi

Karibu kila video ya Mtwara ninayokutana nayo ina mtu anayeongea mwanzo mwisho. Ataanza na korosho, ahamie kwenye gesi, amalizie na fukwe, na muda wote huo mtaa wenyewe unapita tu nyuma ya maneno yake. Inanikera. Natamani tupate filamu ya mitaa yetu isiyo na msimulizi, mhusika mkuu wala kisa.

Wenzetu walishaanza zamani. Mwaka 1927 mtengeneza filamu Mjerumani, Walter Ruttmann, aliionyesha Berlin kwenye filamu yake kuanzia alfajiri hadi usiku. Mwaka 1929 Dziga Vertov wa Umoja wa Kisovieti akatoa filamu ya Man with a Movie Camera, na mwanzoni kabisa akawatangazia watazamaji kuwa humo hamna hadithi wala waigizaji. Jiji linaloonekana humo si moja: picha zilipigwa Moscow, Kyiv na Odesa. Aliyezihariri ni mkewe, Elizaveta Svilova, na tunamwona mezani akipanga vipande vya filamu. Sura zilizoganda kwenye vipande hivyo ghafla zinaanza kucheka na kusogea. Sehemu hiyo huwa nairudia.

Sasa fikiria soko la samaki la Feri, hapa Mtwara, asubuhi. Boti zimefika, dalali anapaza sauti, magamba yanaruka. Kijana wa bodaboda anafunga tenga la samaki nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tyubu, anauvuta mpaka unakaribia kukatika. Hapohapo kata picha, nenda kwenye mkono mwingine unaovuta kamba ya turubai juu ya lori la korosho. Mtazamaji ataelewa bahari na shamba vimekutana wapi, na hakuna aliyemwambia.

Wapo watakaosema watu watachoka. Sikubaliani nao. Nenda Mikindani jioni uone wazee barazani: wanatazama wapita njia saa nzima na hawachoki.

Vijana wenye simu nzuri mnao uwezo huu. Ila tafadhali, msiweke biti ya Bongo Fleva juu yake. Acheni honi, adhana na kelele za wauzaji zisikike. Ombeni ridhaa ya mnaowapiga picha. Na filamu ikikamilika, ionyeshwe kwanza Mtwara, kwa watu wanaoonekana humo, ndipo ipelekwe Dar au kwenye tamasha la Zanzibar.