Mwigaji aliyekabidhiwa sauti

Huu ni mwaka wangu wa sita Japani, na Kijapani changu kingi nimekiokota kwenye televisheni. Siku moja mwenzangu wa kazini akaniambia kwamba Lupin wa filamu za zamani na Lupin wa hizi mpya wanasemewa na watu wawili tofauti. Nilibisha. Kwa masikio yangu sauti ilikuwa moja.

Lupin wa Tatu ni mwizi wa katuni aliyeingia kwenye televisheni mwaka 1971 kwa sauti ya Yasuo Yamada. Yamada alifariki Machi 1995, na filamu mpya ilikuwa itoke mwezi unaofuata. Aliyeitwa kushika nafasi yake hakuwa mwigizaji mashuhuri wa jukwaani. Aliitwa Kanichi Kurita, mchekeshaji aliyezaliwa 1958, ambaye umaarufu wake ulitokana na kuiga sauti za waimbaji kwenye televisheni. Hata Lupin mwenyewe alikuwa akimwiga ili watu wacheke. Huku kazi hiyo ya kuiga ina jina lake, monomane, na mabingwa wake wanajulikana sawa na wanamuziki.

Basi Kurita yupo hadi leo. Amemsemea Lupin zaidi ya miaka 30, muda mrefu kuliko Yamada mwenyewe. Na Kiyoshi Kobayashi, aliyemsemea Jigen, rafiki wa Lupin, alipong'atuka mwaka 2021 akiwa na miaka 88, sauti ile alikabidhiwa Akio Otsuka, na likatangazwa nchi nzima.

Hapo ndipo ninapoikumbuka Temeke. Nimekulia kwenye banda umiza, kibanda cha kuonyeshea video, tumebanana kwenye mabenchi, jasho linatutoka, na Lufufu anatutafsiria mkanda. Kapteni Derek Gaspar Mukandala ndilo jina lake. Alikuwa anamsemea jambazi, anamsemea mama wa jambazi, kisha anatueleza kwa nini Mzungu yule amekasirika. Jambo hilo sijalisikia kwenye katuni za Wajapani: sauti yao haitoki nje ya mdomo wa mhusika, wakati Lufufu alikuwa anaongea na sisi. Kwa ufundi, mimi namweka sawa na yeyote niliyemsikia huku.

Lakini sisi tulimchukulia kama burudani ya watoto na wasio na kazi. Hatukumwita fundi. Sijawahi kusikia chuo kikimwalika akafundishe vijana namna ya kubadilisha sauti tano kwa pumzi moja. Hilo linaniuma, kwa sababu kipaji hakikuwa kidogo. Kidogo ilikuwa heshima tuliyompa.

Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 14. Anamwiga shehe wa mtaani, kondakta wa daladala, hata marehemu babu, mpaka shangazi zetu wanalia. Mama humkemea aache uchizi, ashike daftari. Jumapili nilimpigia simu nikamwomba: "Mama, daftari ashike, lakini hiyo sauti mwachie." Akanyamaza kidogo, kisha akamwita aje aongee na mimi. Mtoto akanisalimia kwa sauti ya babu.