Nilikwenda Kuvua Trauti, Nikamvua Muthoni

Jirani wa mlango wa pili ameniuliza mara ya tatu tangu Jumapili: "Kwani ile samaki ilikuwa kubwa aje?" Anauliza huku macho yako kwenye gambuti zangu nilizozianika, kana kwamba jibu limo humo.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, bwana. Changu na tasi nimewapara kabla sijajua a, e, i, o, u. Nyeri nimeletwa na kazi tu. Kwa hiyo mwenzangu wa ofisini aliposema twende mto Thego tukavue trauti, nilimwonea huruma. Mke wangu nikamwambia akamue ndimu kabisa.

Kibali tuliache, foleni mnazijua. Chambo nacho si kamba wala dagaa: ni manyoya ya jogoo yamefungwa kwenye ndoana ndogo kama kipini cha pua, ili trauti adhani ni nzi. Na maji ya Mlima Kenya, ukitia mguu unakumbuka madeni yako yote.

Trauti mwenyewe si wa huku. Mwaka 1905 Mwingereza mmoja, Ewart Grogan, alileta mayai yake kutoka Uskoti akayatia mto Gura, kule Aberdare. Uskoti hadi Aberdare utapitia wapi kama si Mombasa? Mayai yalipita mlangoni kwetu! Babu angeyakaanga siku ile, tungekuwa tumemalizana.

Basi, uzi wa huku hautupwi mbele kama wetu. Unaurusha nyuma kwanza, ukinyooka ndipo unaurejesha majini. Nikarusha nyuma. Nikavuta. Haurudi. Nikavuta kwa nguvu, kitu kikanivuta mimi. Majani yakatikisika, na sauti ya mzee ikapaa kutoka kichakani:

"Wewe! Umedunga Muthoni!"

Magoti yalilegea. Mgeni wa watu, nimemdunga binti wa watu, tena kwa manyoya ya jogoo! Nilikuwa nishaanza kutunga maneno ya kumwambia chifu, Muthoni akatoa kichwa. Pembe mbili. Baka jeupe kwenye paji. Ndoana ilikuwa mkiani.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Mzuri," akajibu. "Hiyo ng'ombe iko na maziwa. Sasa umeishtua, jioni itaficha yote. Lita nane, mara hamsini."

"Lakini mzee wangu, mkia hautoi maziwa."

"Mkia unaambia matiti."

Ukijibiwa hivyo utasema nini? Wakati tunapatana bei, Muthoni akaona mazungumzo hayamhusu, akashika njia ya nyumbani. Uzi unatoka mbio, gurudumu la uzi linalia, mimi nyuma na fimbo ya kuvulia mkononi napanda kilima kwa gambuti, watoto wametoka kushangilia. Kufika zizini mzee akanipa mkasi. "Kata nywele pole pole. Usisimame nyuma yake." Mkia uko wapi, mzee, kama si nyuma? Nikaukata kwa ubavuni, nimefumba jicho moja. Tukafunga kwa shilingi mia mbili, na hizo zilitumwa kwa simu baada ya kuzunguka zizi lote kutafuta mtandao.

Nimerudi mtoni ninanuka samadi, namkuta mwenzangu ameshika trauti. Mzuri wallahi, madoadoa mekundu ubavuni, shibe ya watu wawili. Akamtazama. Akamchomoa ndoana kwa upole kama daktari wa meno. Akamrudisha majini!

"Sisi huwaachilia," ananiambia.

Mnawaachilia! Petroli bei hii, kibali tumelipia, vidole vya miguu sivisikii, Muthoni amekula mia mbili, ndimu zimekamuliwa nyumbani, halafu samaki unampa nauli ya kurudi kwao? Kama shida ilikuwa kumwona tu, si ungeninunulia picha?

Sikuongea naye mpaka Kiganjo.

Usiku mzee akaniandikia, namba si alishaipata: "Muthoni ametoa lita tisa. Kuja tena Jumamosi." Tisa! Basi mia mbili yangu irudi, na hiyo lita ya ziada ni yangu kwa haki.

Hizi gambuti zenyewe ni za kuazima, ya kushoto inavuja tangu kwa mwenyewe. Asubuhi nimekuta paka wa jirani amelala ndani yake, sijui alinusa nini, maana samaki hakuingia humo.