Njia ya kisimani nayo ni njia ya mlima

Tangu nihamie New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ndugu zangu wa Newala, kusini mwa Tanzania, wakiona picha zangu za milimani huuliza: unapanda kufuata nini? Swali ni la haki. Kwetu mtu hateremki ukingo wa uwanda na kuupanda tena bila sababu. Bibi zetu waliupanda kwa sababu ya maji.

Asiyekulia juu ya Uwanda wa Makonde huenda asielewe. Kule juu udongo ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama, mito hakuna. Chemchemi ziko chini, mabondeni. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde kuanza miaka ya 1950, na hata baadaye kila mitambo ilipogoma, wanawake walishuka alfajiri na kurudi na maji kichwani. Bibi yangu aliweka majani mabichi juu ya maji yasimwagike, akakaza ngata, akapanda huku mkono mmoja ukishika mizizi ya kando ya njia. Kwenye kona kali alipanda kimshazari, kisigino kikitangulia kupima udongo kabla hajautwika uzito wote. Ule ni ujuzi wa mlima, na sijaona huku anayemshinda.

Njia ninayoipenda huku inaitwa Falling Waters Trail, kwenye White Mountains. Inafuata kijito msituni, unakivuka kwa kukanyaga mawe, unapita maporomoko matatu, la juu likiwa na kama mita 24, kisha inasimama wima. Katika kilomita 5 hivi unapanda takribani mita 900. Mvua kubwa ikinyesha kijito kinafura na mwenye akili anageuza. Kwenye magome kuna alama za rangi ya bluu, hupotei.

Kilichonigusa zaidi kipo miguuni. Kila baada ya hatua kadhaa kwenye mteremko utakuta safu ya mawe, au gogo, imefukiwa kukata njia kimshazari. Maji ya mvua yakiteremka yanagonga pale, yanatoka pembeni kuingia msituni, njia inabaki. Siku moja nilimkuta mzee, mvi tupu, anazoa majani yaliyoziba mfereji kwa jembe dogo. Halipwi. Watu wa kujitolea wanatunza njia za milima hii tangu karne ya 19. Chama kimoja, Appalachian Mountain Club, kilianzishwa mwaka 1876 na bado kipo kazini.

Basi msiniambie wenzetu wana milima mizuri kuliko sisi. Simama Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa uwanda Newala, asubuhi, bonde la Ruvuma limetanda chini yako hadi Msumbiji, kisha tuzungumze uzuri. Tena huku nimetembea na watu wasiojua jina la mti hata mmoja, macho kwenye saa. Kwetu mzee yeyote atakuonyesha mninga, mpingo, na mzizi wa kutuliza tumbo, na hapiti mtu bila kuulizwa habari za nyumbani.

Tunachokosa ni yule mzee wa jembe. Nilipokwenda likizo nilishuka njia ya bibi. Katikati imeliwa na maji, imekuwa korongo refu kunizidi kimo, watu wamefungua njia nyingine pembeni, nayo imeanza kuliwa. Mabomba yalipofika tuliitupa, na hilo linaniuma, kwa maana njia ile ndiyo iliyotulea.

Naona tumezoea kusubiri mwekezaji. Mawe hayahitaji mwekezaji. Yanahitaji sururu, vijana kumi, serikali ya kijiji iliyokubali, na mama mmoja aliyewahi kuchota maji kule awaonyeshe njia ilipopita zamani. Mgeni akija, kijana huyohuyo amwongoze na alipwe, na ada ya kijiji irudi kwenye mifereji kabla ya masika.

Juni mvua huwa zimekwisha na kazi ya korosho haijabana sana. Nikijaliwa kuja, nitaanza na ile kona kali. Anayetaka tushirikiane aongee na wazee wa kijiji chake kwanza, kisha anitafute.