Ploti Zinauzwa, Majirani Hawatajwi

Ukitoka katikati ya jiji ukashika Barabara ya Kangundo, mabango yanaanza kukupokea kabla hujamaliza Komarock. Ploti zinauzwa Kamulu, Joska, Malaa, Tala. Lipa polepole, hati miliki iko tayari, stima iko mlangoni. Simu nazo hazitulii: kijana amesimama kwenye nyasi kavu, ananyosha mkono kuonyesha lami ilipo, nguzo ya stima ilipo, shule ya kibinafsi ilipo. Nimetazama video nyingi za aina hiyo kwa sababu nami natafuta pa kujenga, na jambo moja limenikaa rohoni. Jirani hatajwi. Hakuna anayesema nani analima upande ule wa ua, wala maji ya hapo yanasimamiwa na nani, wala ng'ombe hupitia wapi wakienda kunywa.

Nawaandikia wenzangu wa Nairobi, sisi wa Kayole, Umoja, Donholm na Pipeline tunaochanga kila mwezi kwenye chama huku tukiwaza siku ya kuihama nyumba ya kupanga. Msimamo wangu ni huu: anayenunua ploti katika mji mdogo anaingia katika maisha ya watu waliomtangulia, na asiyetaka kuishi nao heri aiache ardhi hiyo ibaki na wanaoitumia.

Naichukua Tala kwa sababu naijua kidogo. Iko Machakos, upande wa Matungulu, na Mlima Ol Donyo Sabuk unaonekana vizuri asubuhi kabla ya mawingu kuufunika. Ni mji wa soko. Siku ya soko barabara inajaa mikokoteni, mbuzi waliofungwa kamba miguuni, magunia ya mbaazi na ndengu, wauza dawa za mifugo wenye vipaza sauti, na mafundi viatu waliojipanga chini ya mwavuli mmoja mkubwa. Watu wa vijijini hawaji kununua tu. Wanakuja kuulizia mgonjwa, kulipa deni la chama, kujua mazishi ni lini na nani anapokea mchango.

Hapo ndipo nilipofunzwa kununua ardhi, na mwalimu wangu alikuwa mama mmoja muuza ndengu. Alikuwa akinipimia gorogoro moja, akiwa amelijaza mpaka juu na kuongeza kiganja kingine. Nikamwambia nimekuja kuona shamba. Hakuniuliza liko wapi, aliuliza, "Unanunua kwa nani?" Nilipoitaja familia aliacha kupima. Akakung'uta vumbi mikononi, akatazama kushoto na kulia, kisha akaniambia kwa sauti ya chini nimtafute kitinda mimba wao anayefanya kazi ya boda boda stendi, nizungumze naye kabla ya kuzungumza na kaka yake mkubwa. Nikaenda. Kumbe baba yao alikuwa ameshafariki, mirathi ilikuwa haijaisha mahakamani, na kaka mkubwa alikuwa akiuza kipande ambacho wadogo zake hawakujua kinauzwa. Wakala aliyenipeleka huko alikuwa amenionyesha nakala ya hati miliki yenye jina la marehemu na kuniambia, "Hiyo ni familia moja, hakuna shida."

Shida ilikuwepo, tena ya kisheria. Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, inakataza kuiuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Anayeigusa mali hiyo bila mamlaka anatenda kosa, na mnunuzi anaweza kubaki na karatasi isiyo na nguvu huku pesa zake zikiwa zimeshalipa karo na deni la hospitali. Sachi, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, ingenionyesha jina la mwenye hati, lakini rejista haimwambii mtu kwamba aliyeandikwa pale amezikwa chini ya mwembe. Muuza ndengu alilijua hilo.

Makaburi nayo ni jambo la kuuliza bila aibu. Mashambani watu huzikwa nyumbani. Shamba linapokatwa vipande, kuna kipande kitakachoangukiwa na kaburi la nyanya wa mtu, na familia itataka kuja kulisafisha. Kama mnunuzi hakuambiwa, siku moja atawakuta wageni uani pake na maneno yatazuka. Kama aliambiwa na akakubali, wale wageni ni majirani wenye haki zao.

Wengi wetu tunaichukia safari ya kwenda bodi ya ardhi. Tunaiona ni usumbufu, tunamwachia wakala. Mimi naomba kila mnunuzi aende mwenyewe, aketi pale mpaka mwisho. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inasema shamba la kilimo haliuzwi wala haligawanywi katika maeneo yanayosimamiwa na bodi hizo bila idhini ya bodi. Ombi linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano yafanyike, na bila idhini mauzo hayo hayana nguvu. Msingi wake naupenda: bodi inakaliwa na wakazi wa eneo hilo, wengi wao wenye mashamba, pamoja na maafisa wachache wa serikali.

Nilimsindikiza shangazi yangu siku alipokuwa akinunua nusu eka. Tuliketi kwenye mabenchi ya mbao nje ya ofisi, chini ya mti, familia za wauzaji upande mmoja na wanunuzi upande mwingine. Kila kesi ilichukua dakika chache. Mzee wa mbele yetu aliingia na mkewe, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi tulisikia yote. Mwenyekiti aliuliza ukubwa wa shamba, kinachobaki baada ya kuuza, na watoto ni wangapi. Kisha mzee mmoja wa bodi, aliyevaa koti zito japo jua lilikuwa kali, akamgeukia mke: "Mama, wewe umekubali?" Yule mama alikaa kimya. Mumewe akataka kumjibia, akaambiwa anyamaze. Mwishowe mama akasema kwamba hajui watalima wapi. Ombi halikupita siku ile. Mnunuzi, kijana aliyevaa suti, alitoka akinung'unika kwamba amepoteza muda wake.

Kwangu mimi kijana yule aliokolewa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka mume na mke wote wakubali kabla ya kuuza mali yao ya ndoa. Hata kama kusingekuwa na sheria, nani anataka kujenga kwenye ardhi ambayo mwanamke wa nyumba ya jirani huitazama kila asubuhi akijua alinyang'anywa? Wazee wale waliuliza swali ambalo hakuna wakala aliyewahi kuliuliza mbele yangu: baada ya kuuza, hawa watakula nini?

Sisemi watu wasiuze. Familia inauza eka moja kwa sababu mtoto ameitwa chuo au mgonjwa yuko wodini na bili inapanda. Hiyo ni haki yao. Kinachoniuma ni hesabu inayofuata. Mwenye shamba analipwa bei ya eka. Kampuni inaikata eka vipande 8, inaweka vigingi vya saruji na geti la chuma, na inauza kila kipande kwa bei iliyopanda mara kadhaa. Tena ile inayotangazwa kuwa nane ya eka, yaani sehemu moja ya nane, mara nyingi si nane. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, ilhali nane kamili ya eka ni 5,445. Tofauti hiyo ndiyo inayotengeneza barabara ya ndani, na unailipia wewe. Pima mwenyewe na mpima ardhi uliyemchagua wewe, bikoni kwa bikoni, na majirani wa pande zote wakiwepo, maana wao ndio watakaokuambia kama kigingi kimesogezwa.

Kuhusu karatasi, tumeshaona ya kutosha. Novemba 2011 nyumba ziliangushwa Syokimau wenyewe wakiwa na hati mikononi. Oktoba 2023 matingatinga yaliingia Mavoko, kwenye ardhi ambayo mahakama ilikuwa imeamua ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland, na watu waliokuwa wamenunua na kujenga wakalala nje na watoto. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, Mahakama ya Juu katika kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa ilisema hati miliki peke yake haitoshi kama ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, na mnunuzi hawezi kujikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema. Kwa hiyo kuijua historia ya shamba ni lazima, na historia hiyo haikai kwenye simu ya wakala. Iko kwa chifu, kwa mzee wa kijiji, kwa bibi anayekumbuka shamba lilikuwa la nani kabla ya kupimwa.

Tena nenda mvua ikinyesha. Picha za matangazo hupigwa kiangazi, barabara ikiwa ngumu. Kamulu na Joska kuna udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka jua likiwaka; huwezi kuweka msingi wa kawaida juu yake, mara nyingi unauchimba wote na kuutupa mpaka ufike chini kwenye murramu au mwamba, na gharama hiyo hakuna tangazo linaloitaja. Nenda Novemba au Aprili, uone boda boda anasukuma pikipiki badala ya kuipanda. Kisha onja maji. Sehemu nyingi za huko visima virefu hutoa maji ya chumvi, ya kufulia tu, na ya kunywa yanakuja kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Muulize anayesukuma mkokoteni bei ya mtungi wa lita 20 ni ngapi wakati wa kiangazi. Atakuambia ukweli, hana ploti ya kuuza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Tembea kilomita moja kutoka lami katika miji hii uhesabu vigingi, halafu uhesabu nyumba. Shamba la eka tano lililokuwa likitoa mahindi na mbaazi sasa ni vipande 40. Nyumba ni tatu au nne. Kwingine ni vichaka na waya wa seng'enge. Wenyewe wako Nairobi, na wengine ng'ambo, wanangoja bei ipande. Njia ya miguu waliyopitia watoto kwenda shule imefungwa, wanazunguka kwa barabara kuu kwenye malori. Mradi wa maji wa kijiji unahitaji kila boma lichangie bomba, lakini mwenye ploti hapokei simu. Nyumba Kumi wakikutana kuzungumzia wizi wa mbuzi, nyumba zenyewe hazifiki kumi. Na ule ua uliofungwa kwa miaka ndio maficho ya wezi hao.

Tunalalamika kwamba Nairobi majirani hawajuani, kwamba mtu anaweza kufa ghorofa ya tatu na wa ghorofa ya nne asijue. Tunakimbilia mji mdogo tukitafuta uhai wa watu wanaosalimiana. Halafu tunaufunga mji huo kwa waya na kurudi zetu mjini. Hilo ni kosa, na nalisema kwa uchungu kwa sababu wanaolifanya ni watu wema, walimu na wauguzi na madereva, waliofundishwa kwamba ardhi ni ya kuweka tu.

Kama hutajenga hivi karibuni, mruhusu jirani alime. Najua jibu, kila nikilisema nalisikia: atazoea, baada ya miaka 12 atadai ni yake. Ni kweli sheria ya Kenya inampa aliyekalia ardhi ya mtu miaka 12 bila ruhusa, waziwazi na bila kufukuzwa, nafasi ya kuidai. Lakini neno lenyewe ni bila ruhusa. Ukimruhusu kwa maandishi, kwamba analima msimu kwa msimu na hapandi miti wala kujenga, madai hayo hayana pa kusimama. Mwanasheria anaiandika karatasi hiyo kwa ukurasa mmoja. Mtie sahihi nyote wawili mbele ya mzee wa kijiji, mkaiandike upya kila mwaka, na umwambie akuachie njia ya watoto wa shule pembeni mwa ua. Mvua za vuli ndizo zinazotegemewa zaidi Ukambani. Karatasi ikitiwa sahihi Septemba, ploti yako itakuwa na mbegu ardhini ifikapo Oktoba, na mtu wa kukupigia simu kigingi kikisogezwa.