Presha ya macho: mawimbi ya sauti au leza kwanza?

Ukitaja ultrasaundi Dar es Salaam, mtu anamfikiria mjamzito. Kumbe mawimbi hayohayo yakikusanywa mahali padogo yanachoma. Ndiyo kazi ya EyeOP1, kifaa cha Wafaransa: pete yenye vitoa mawimbi sita huwekwa juu ya jicho lililopigwa ganzi, na ndani ya dakika mbili tatu sehemu ya nyama inayotengeneza maji ya jicho inaunguzwa. Kisu hakigusi kitu.

Jirani yangu mmoja wa Tandika, mzee wa presha ya macho, amesikia habari hizo akaniuliza kama sasa atupe kichupa chake cha timolol, matone ya kushusha presha hiyo.

Namwelewa. Tumeona bonde la Jangwani, hapa Dar, mtaro ukiziba maji yanavyopanda. Jichoni ni vilevile: njia ya kutokea maji ikiziba, presha hupanda na kuua taratibu mshipa wa fahamu wa kuona. Mbingu hatuwezi kuifunga, lakini bomba linaloleta maji ya jicho linaweza kukazwa kidogo, na ndicho mawimbi yanachofanya. Matone nayo yana balaa lake: ni ya kila siku, maisha yote, kwa ugonjwa ambao mwanzoni hauumi. Kichupa kikiisha tarehe ishirini, wengi hungoja mshahara. Tafiti nyingi za mawimbi haya zimeona presha ikishuka kwa wastani wa asilimia 20 hadi 35, bila kupasua jicho.

Ila wazo si jipya. Watafiti Coleman na Lizzi walilifanyia kazi New York miaka ya 1980, na mashine ya wakati ule ikaachwa, mojawapo ya sababu ikiwa usumbufu wa kuitumia. Hii ya sasa ni ndogo na makini zaidi, lakini jicho huweza kuwa jekundu, mboni ikapanuka, uoni ukafifia kwa muda. Nafuu nayo hupungua kwa baadhi ya wagonjwa, wakarudia tiba au wakarudi kwenye matone. Halafu kuna pete: hutumika mara moja, ikatupwa. Kila mgonjwa na pete yake, tena ya kuagizwa nje. Kwangu hapo ndipo hesabu inapokataa.

Maana jibu jingine tunalo hapahapa nchini. Utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa 2021, uliwagawa wagonjwa 201 kati ya leza ya kuzibua njia ya maji na matone ya timolol. Baada ya mwaka, leza ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho, timolol 31. Mashine hiyo haidai pete mpya kwa kila jicho. Ningekabidhiwa fedha za hospitali ya Muhimbili, ningeanza na leza, mawimbi niwaachie ambao njia yao imefungana, au leza na matone vimewashinda na upasuaji wanauogopa.

Mzee nimemwambia kichupa asikitupe. Hata Ulaya, wengi waliochomwa kwa mawimbi waliendelea na matone. Na jicho lake la kushoto, ambalo tayari halioni, hakuna pete wala leza itakayolirudisha. Tunalolinda ni la kulia. Kliniki yake ni Alhamisi.