Ngeli Iliyoniponza

Januari mwaka jana nilijiwekea nadhiri ya kusoma vitabu 24, viwili kila mwezi. Nikanunua na kadaftari ka kuandikia kila nilichomaliza, na maneno mawili matatu ya kunikumbusha. Vitabu vyenyewe nilivinunua kwa wale wa mtumba wanaotandaza chini pale Posta, nikavisoma ndani ya daladala, siku ambazo Mungu alinijalia siti.

Sasa mimi mvivu wa kuandika. Jina la kitabu zima la nini, wakati mhusika namjua? Naandika mhusika, basi.

Desemba 31 jioni nilikuwa jikoni napika pilau. Mke wangu akatafuta karatasi ya kuandikia mahitaji ya mwaka mpya, akaangukia kadaftari.

"Baba Nuru."

Taratibu kabisa. Akipiga kelele huwa sina wasiwasi. Akiita hivyo, najua kumeharibika. Nikatoka na mwiko mkononi. Akaanza kusoma:

"*Rosa. Siku tatu. Usiku wa mwisho sikulala.* *Maimuna. Baba yake kamfungia ndani, nimemwonea huruma.* *Yasmini. Kaolewa na mzee, hana raha. Siku hizi naenda naye kazini.* *Siti. Nimempata Posta kwa elfu tatu. Mfupi lakini mtamu.*" Akafunua ukurasa. "*Rosa tena.*"

"Mke wangu, hao ni vitabu!"

"Kitabu unakwenda *naye* kazini? Si ungeandika *nacho*?"

Hapo sikuwa na jibu. Nikamweleza kwamba Maimuna ni wa Utengano, Yasmini wa Vuta N'kuvute. Akataka kuwaona. Maimuna nilikuwa nimemwazima jirani, Yasmini yuko ofisini, Siti sijui nilimsahau daladala gani. Nyumbani alikuwepo Rosa peke yake, jalada limechanika, nimemvika gazeti. Yaani hata ushahidi wenyewe umejifunika uso.

Akampigia simu mama yake.

Mama mkwe alifika kwa bajaji. Ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, chaki ameshika miaka zaidi ya 30. Akavaa miwani, akaomba kadaftari, akasoma ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila kutia neno. Mimi nimesimama na mwiko wangu. Pilau nalisikia linashika ukoko, na kuondoka siwezi.

"Huyu Siti ndiye Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab aliyezaliwa Fumba, Zanzibar? Ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake?"

"Ndiye huyo huyo, mama."

Akamgeukia binti yake. "Huyu alifariki 1950, mwanangu. Mumeo hata hajazaliwa."

Alipofika kwa Rosa akacheka mpaka akavua miwani. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka 1971 ilipigwa marufuku shuleni, basi wao bwenini walikuwa wakiisoma chini ya blanketi kwa tochi, nakala moja bweni zima. "Iko wapi?" akauliza. Nikamletea na gazeti lake. Akaitia mkobani papo hapo.

Nilidhani kesi imekwisha. Kumbe akatoa kalamu nyekundu. *Nimempata* akakata, juu yake *nimekipata*. *Naye* akakata, *nacho*. Kurasa zote, mstari kwa mstari. Kisha akahesabu vitabu, na chini kabisa akaandika 11/24, akazungushia duara: "Jitahidi."

Rosa aliondoka naye usiku ule, na mpaka leo hajamrudisha. Hajakirudisha.